Nguvu za Pikapu ya Dizeli: Hewa Kwanza, Mafuta Baadaye

Abiria aliyewahi kupita mlima wa Kitonga, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia, huenda ameiona pikapu iliyosheheni mizigo ikipanda polepole, injini ikiguna kwa gia ndogo, na nyuma yake wingu zito la moshi mweusi. Watu wengi huuchukulia moshi huo kuwa dalili ya nguvu. Husemwa kwamba gari "linavuta". Kwa kweli moshi huo ni dalili ya nguvu zilizopotea, na aghalabu ni dalili ya injini iliyo njiani kufa.

Mwenye pikapu ya namna hiyo huwa na swali moja: je, injini hii haiwezi kuongezwa nguvu? Jibu ni kwamba yaweza. Lakini zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya mkato: fundi huikaza skrubu ya pampu ya dizeli ili mafuta mengi zaidi yaingie katika silinda. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haihitaji kipuri chochote, na mwenye gari huondoka ameridhika. Njia ya pili ni ndefu na ya gharama, nayo huanza na hewa. Makala haya yanaeleza kwa nini njia ya pili ndiyo yenye mantiki ya kisayansi, na kwa nini ya kwanza humgharimu mwenye gari zaidi ya alichodhani ameokoa.

Jinsi dizeli inavyowaka

Injini ya petroli huhitaji plagi itoe cheche. Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta yake huwashwa na hewa yenyewe. Mwalimu wa fizikia aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa pampu ya baiskeli. Mwanafunzi na azibe tundu la pampu kwa kidole, kisha asukume mara kadhaa kwa haraka. Sehemu ya mwisho ya pampu itapata joto. Kazi iliyofanywa na mkono imegeuka kuwa joto ndani ya hewa iliyogandamizwa.

Katika injini ya dizeli pistoni hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Hushuka ikivuta hewa tupu, kisha hupanda na kuigandamiza hewa hiyo mpaka ujazo wake uwe sehemu moja ya kumi na tano, ya kumi na nane au hata ya ishirini na mbili ya ujazo wa awali, kwa kadiri ya muundo wa injini. Hewa hupata joto linalozidi nyuzi 500 za sentigredi. Hapo ndipo nozeli hupuliza mafuta kwa matone madogo mno, nayo huwaka yenyewe. Gesi hutanuka, huisukuma pistoni chini, na pistoni huizungusha krenki. Mwishowe pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje.

Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake iliweza kugeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za siku zile hazikukaribia kiwango hicho.

Jambo la kushika hapa ni hili: injini ya dizeli huvuta hewa kiasi kile kile katika kila mzunguko, dereva akanyage mafuta au asikanyage. Kinachobadilishwa na mguu wa dereva ni mafuta tu. Kwa hiyo hewa ndiyo inayoweka mpaka wa nguvu za injini.

Hesabu ya hewa

Mfano mzuri ni injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990, na ambayo imesukuma pikapu nyingi za Land Cruiser katika Afrika Mashariki. Ina silinda sita. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 94, na pistoni husafiri milimita 100. Mwanafunzi akikokotoa ujazo wa silinda zote sita atapata lita 4.164.

Injini hii hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha, yaani nyutoni-mita 285, inapozunguka mara 2,200 kwa dakika. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Basi kwa dakika moja injini huvuta lita 4.164 mara 1,100, ambazo ni karibu lita 4,580. Lakini silinda hazijai kabisa, kwa sababu hewa hucheleweshwa na kichujio, mabomba na valvu. Tukikadiria kwamba hujaa kwa asilimia 90, na kwamba mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ni kilo 1.2, injini hupata karibu kilo 5 za hewa kila dakika.

Kemia nayo ina sharti lake. Kilo moja ya dizeli huhitaji karibu kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Hata hivyo mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika barabara ndani ya silinda, kwa maana tendo zima huisha katika sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo injini huhitaji hewa ya ziada. Kiasi cha kilo 19 kwa kilo moja ya mafuta ni kadirio la kufaa. Kilo 5 za hewa, basi, zaweza kuunguza vizuri gramu 260 za dizeli kwa dakika.

Kilo moja ya dizeli ina nishati ya karibu megajuli 43. Gramu 260 kwa dakika ni sawa na kilowati 186. Je, ni kiasi gani hufika kwenye krenki? Nyutoni-mita 285 kwa mizunguko 2,200 ni kilowati 66, au farasi wapatao 89. Hivyo asilimia 35 ya nishati ya mafuta imekuwa kazi. Sehemu iliyosalia imekwenda na moshi, na maji ya rejeta, na oili, na msuguano.

Moshi mweusi unasema nini

Sasa yawezekana kuipima njia ya mkato. Fundi akikaza skrubu hadi mafuta yafike gramu 330 kwa dakika, hewa itabaki kilo zile zile 5. Mwanzoni gari litapata nguvu kidogo, kwa kuwa sehemu ya ile hewa ya ziada itatumika. Baada ya hapo matone mengi hukosa oksijeni. Hidrojeni iliyomo katika mafuta huwahi kuungua, na kaboni hubaki ikiwa masizi. Masizi hayo ndiyo moshi mweusi. Mwenye gari ameyanunua mafuta hayo kituoni na kuyamwaga barabarani.

Hasara haiishii hapo. Katika injini ya petroli, kuzidisha mafuta kidogo huweza kupunguza joto la mwako. Katika dizeli mambo ni kinyume: kadiri mafuta yanavyoongezwa ndivyo joto linavyopanda, na mafuta yanayochelewa kuungua huendelea kuwaka wakati valvu ya kutolea moshi inapofunguka. Pistoni hutengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka katika nyuzi 660. Pistoni huokoka kila siku kwa sababu tu joto lake huhamishwa upesi, kupitia ringi hadi ukuta wa silinda na maji, na kupitia oili iliyo chini yake. Joto likiingia kwa kasi kuliko linavyohamishwa, kichwa cha pistoni huanza kupasuka au kuyeyuka. Jambo hilo halitokei gari likiwa gereji, bali hutokea katikati ya mlima, mzigo ukiwa mgongoni.

Aidha, moshi huo si mali ya mwenye gari peke yake. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Watoto wanaosubiri kuvuka barabara baada ya shule huuvuta moshi huo bila kuulizwa.

Nyanda za juu na hewa nyepesi

Wakazi wa nyanda za juu wana tatizo la ziada. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi hali kadhalika. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi: mita moja ya ujazo ina karibu asilimia 85 tu ya hewa ipatikanayo pwani. Injini hupima hewa kwa ujazo, haijui uzito wake. Kwa hiyo ile ya kilowati 66 katika Dar es Salaam yaweza kutoa karibu kilowati 56 tu katika Mbeya, hata kama ni nzima kabisa.

Maana ya upungufu huo huonekana mlimani. Pikapu ya kilo 3,500, pamoja na mzigo, ikipanda mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huhitaji karibu kilowati 46 kwa ajili ya kuuinua uzito wake tu. Ukijumlisha ukinzani wa magurudumu na wa upepo, pamoja na msuguano wa gia na difu, mahitaji hufika karibu kilowati 66. Pwani injini ya mfano wetu ingetosha hasa. Katika mwinuko wa Mbeya dereva atalazimika kupunguza mwendo hadi karibu kilomita 50 kwa saa. Na ikiwa pampu ilirekebishwa kwa hewa ya pwani, itaendelea kupuliza mafuta ya pwani ndani ya hewa ya mlimani, na moshi utaongezeka hata bila skrubu kuguswa.

Turbo: kuvuna nguvu za moshi

Ikiwa hewa ndiyo mpaka, basi dawa ni kuongeza hewa. Yawezekana kutengeneza injini kubwa zaidi, lakini itakuwa nzito. Njia nyingine ni kuisukuma hewa nyingi ndani ya silinda zile zile. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuitumia nishati ya moshi kufanya kazi hiyo. Katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani zilifungwa injini za dizeli za mtindo huo, na nguvu za kila injini zikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500.

Turbo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza husukumwa na moshi utokao kwenye silinda. La pili hufyonza hewa safi na kuisukuma kwenye injini. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ndiyo sababu dereva hushauriwa kuiacha injini izunguke polepole kwa dakika moja au mbili baada ya kupanda mlima kabla ya kuizima: akiizima ghafla, oili husimama ilhali turbo bado ina moto mkali, na oili hiyo huungua kuwa kaboni ndani ya beringi.

Katika nyanda za juu faida ya turbo huonekana zaidi, kwa sababu huweza kurudisha hewa ambayo mwinuko umeipunguza.

Kuipoza hewa

Hata hivyo pampu ya baiskeli imekwisha kutufundisha kwamba hewa iliyogandamizwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi. Ikiwa turbo itaongeza kanieneo ya hewa kutoka 1 hadi 1.6, na hewa iliingia ikiwa na nyuzi 30, itatoka ikiwa na nyuzi zipatazo 92. Mwanafunzi akitumia kanuni ya gesi na kugeuza nyuzi hizo kuwa Kelvini, yaani 303 na 365, atapata kwamba wingi wa hewa haukuongezeka kwa asilimia 60, bali kwa asilimia 33 tu.

Kwa hiyo huwekwa kipoza hewa, ambacho ni kama rejeta ndogo mbele ya gari, ili hewa ipite humo kabla ya kuingia katika injini. Ikipozwa hadi nyuzi 50, kwa kanieneo ile ile, ongezeko hufika asilimia 50. Faida yake ni mbili: oksijeni imeongezeka, na mwako umeanza katika joto dogo zaidi, jambo linalozinusuru pistoni. Sasa, na sasa tu, ndipo fundi ana haki ya kuigusa skrubu ya mafuta, kwa kuwa mafuta yaliyoongezwa yatakuta hewa inayoyangoja.

Kila farasi ana malisho yake

Je, mwenye pikapu na anunue turbo na kuifunga kwenye injini iliyozaliwa bila turbo? Jibu lapatikana kwa kutazama waliyoyafanya watengenezaji wenyewe. Toyota ilipotengeneza ndugu wa 1HZ mwenye turbo, aitwaye 1HD-T, ujazo ulibaki lita 4.164. Lakini mgandamizo ulipunguzwa kutoka takriban 22 kwa 1 hadi 18.6 kwa 1, kwa sababu hewa huingia ikiwa imekwisha kugandamizwa, na kanieneo ya mwisho isingestahimiliwa na chuma. Namna ya kupuliza mafuta nayo ilibadilishwa: badala ya kuyapuliza katika kijichumba cha pembeni, yalipulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Nguvu ya kuzungusha ilifika karibu nyutoni-mita 360. Wahandisi hawakuongeza turbo tu. Walikitengeneza upya kichwa cha silinda na pistoni.

Wapo mafundi wanaofunga turbo katika injini zisizokuwa nayo, na kazi hiyo hudumu iwapo kanieneo ni ndogo, mafuta yamepimwa kwa uangalifu, na kipimo cha joto la moshi kimewekwa mbele ya dereva. Mafundi wengi huchukua nyuzi 700 hivi, kabla ya turbo, kuwa mpaka wa kutovukwa kwa muda mrefu. Pasipo kipimo hicho dereva huendesha akiwa kipofu.

Vilevile nguvu mpya hupita katika kila kiungo cha gari. Karibu theluthi ya nishati ya mafuta huenda katika maji ya rejeta. Injini yetu ya kilowati 66 hutupa humo kilowati zipatazo 60, sawa na birika 30 za umeme za kilowati 2 kila moja zikichemka pamoja. Ongeza mafuta kwa nusu, nazo birika zitakuwa 45. Rejeta iliyoziba nusu haitaweza kazi hiyo. Gasketi ya silinda hedi itasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi, klachi itateleza, na meno ya gia yatabeba mzigo ambao hayakukusudiwa kuubeba. La kutisha zaidi ni breki, ambazo hazijui kwamba injini imeongezwa nguvu. Gari lililopanda mlima kwa kasi mpya litashuka upande wa pili kwa breki za zamani.

Injini zinazotawaliwa na kompyuta

Katika pikapu za kisasa hakuna tena skrubu ya mafuta. Kompyuta ndogo huamua kiasi cha mafuta na wakati wa kuyapuliza, na wapo wanaouza vifaa vya kuidanganya kompyuta hiyo ili izidishe mafuta. Vifaa vimebadilika, lakini kemia ni ile ile.

Mfano wa kufuata ni wa mwaka 2020, Toyota ilipoiongezea nguvu injini ya lita 2.8 ya Hilux, kutoka kilowati 130 hadi 150, na nguvu ya kuzungusha kutoka nyutoni-mita 450 hadi 500 kwa gari la gia za kujibadili zenyewe. Pamoja na nozeli za kupitisha mafuta mengi zaidi, ilifungwa turbo yenye magurudumu makubwa zaidi, na bloku ya injini na ringi za pistoni vikafanyiwa marekebisho. Kilowati 20 zilidai kazi yote hiyo kutoka kwa kampuni yenye maabara na wahandisi wengi. Yafaa kujiuliza ni kitu gani hasa hufanyika mtu anapoahidi kutoa zaidi ya hizo kwa nusu saa.

Mahali pa kuanzia

Mara nyingi pikapu iliyochoka haihitaji kuongezwa nguvu, bali kurudishiwa zilizopotea. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la barabara za vijijini huinyima injini pumzi. Nozeli iliyolika hudondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu. Valvu zisizorekebishwa, ringi zilizolegea, breki zinazoshika, na matairi makubwa kuliko yaliyopangwa na mtengenezaji, vyote hula nguvu. Fundi mwaminifu hupima kwanza mgandamizo wa kila silinda, kwa sababu injini iliyokwisha kulika haifai kutwishwa mzigo mpya. Na anayepakia tani mbili katika gari la tani moja hatapata dawa yake katika injini.

Baada ya hayo, utaratibu wa kuongeza nguvu ni huu: hewa kwanza, kisha kuipoza, kisha njia pana ya kutolea moshi, kisha uwezo wa kuondoa joto, kisha klachi na breki, na mwisho kabisa mafuta. Anayeanza na mafuta amelishika jambo kwa mkia.

Maswali ya darasani

1. Injini ya dizeli isiyo na turbo ina ujazo wa lita 3, na huzunguka mara 2,400 kwa dakika. Silinda zikijaa kwa asilimia 90, huvuta kilo ngapi za hewa ya pwani kwa dakika?

2. Injini hiyo ikipelekwa mahali ambapo hewa ni asilimia 85 ya ile ya pwani, yaweza kuunguza vizuri gramu ngapi za dizeli kwa dakika, ikiwa kila kilo ya mafuta huhitaji kilo 19 za hewa?

3. Eleza kwa nini injini yenye turbo hupewa mgandamizo mdogo kuliko isiyo na turbo.

Majibu ya hesabu: (1) karibu kilo 3.9, (2) karibu gramu 174.